Kioo Kikubwa Kibaki Nyumbani

Mwanangu, usiiuze hiyo laptopu yako ya inchi 12. Nimesikia unatafuta mteja ili uongezee akiba yako ununue kompyuta kubwa ya mezani, kwa sababu sasa umepata kazi ya kutafsiri na kupanga kurasa, na wenzako wamekutia maneno kwamba kazi ya maana haifanyiki kwenye kioo kidogo namna hiyo. Kuhusu kioo wamesema kweli. Kuhusu kompyuta wamekupoteza. Akiba hiyohiyo inatosha kununua monita, kibodi, mausi na diski ya nje, na laptopu ukabaki nayo. Ukirudi nyumbani unaichomeka, ukitoka unaichomoa na kuitia mkobani.

Nakuambia haya kwa kuwa kazi uliyoianza ndiyo iliyonilisha mimi na kukusomesha wewe. Kupanga kurasa kwa kompyuta kulianzia kwenye kioo kidogo kuliko hicho chako. Macintosh ya kwanza, iliyotoka mwaka 1984, ilikuwa na kioo cha inchi 9 chenye nukta 512 kwa 342, rangi nyeusi na nyeupe basi. Mwaka uliofuata ikaja programu ya PageMaker ya kampuni ya Aldus, pamoja na printa ya leza ya Apple, na hapo ndipo ikawezekana mtu mmoja kupanga gazeti zima akiwa mezani kwake. Ukurasa wa A4 haukuenea kwenye kioo kile kwa ukubwa wake halisi. Mpangaji aliona kipande, akasogeza, akaona kipande kingine, na sura ya ukurasa mzima aliibeba kichwani. Kazi ilifanyika, tena nzuri, lakini macho na shingo ndivyo vilivyolipia.

Na hilo la kuunganisha laptopu ndogo na kioo kikubwa nalo si jambo la jana. Oktoba 1992 Apple walitoa PowerBook Duo, laptopu isiyofika kilo mbili, pamoja na kasha la mezani walilolipa jina la Duo Dock. Mwenye nayo alirudi ofisini, akaifunika, akaisukuma ndani ya kasha kama kanda ya video inavyoingia kwenye deki, na monita iliyokaa juu ya kasha ikawaka. Enzi hizo hilo lilikuwa jambo la wenye nazo. Leo ofisi za Ulaya zinapobadilisha vifaa vyao, laptopu na monita zao zinaishia Kariakoo, na kwa ndugu zetu wa Nairobi zinauzwa kwa jina la “ex-UK”. Kile alichokuwa nacho meneja wa mwaka 1992 unaweza kukipata wewe mwenye kazi ya kwanza.

Neno langu kubwa ni hili: vifaa vya meza havizeeki kwa mwendo mmoja, basi usivinunue kwa pamoja ndani ya boksi moja. Laptopu huzeeka upesi. Betri inachoka, programu zinanenepa, na siku moja mtengenezaji anatangaza kwamba hashughuliki nayo tena. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya Windows 10, na laptopu nyingi zilizokuwa nzima kabisa zikajikuta nje, kwa kuwa Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Monita hazikuguswa na tangazo lile. Tundu la VGA lililoletwa na IBM mwaka 1987 bado utalikuta nyuma ya monita nyingi za ofisi, na linafanya kazi. Monita nzuri, kibodi nzuri na kiti kizuri vitaziona laptopu tatu zikija na kuondoka. Kwa hiyo fedha nzito ziende kwenye vitu vinavyogusa mwili wako kila siku, yaani macho, vidole na mgongo. Laptopu itakuwa ni kitu unachokibadilisha pale kinapokushinda, na ile ya zamani inakwenda kwa mdogo wako aliye shule.

Sasa tuje kwenye monita yenyewe, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopigwa.

Chukua ya inchi 24, Full HD, yaani nukta 1920 kwa 1080. Laptopu yako ina 1366 kwa 768. Ukizidisha utaona monita hiyo ina nukta karibu maradufu, lakini eneo lake ni zaidi ya mara tatu, kwa hiyo unapata nafasi zaidi na wakati huohuo herufi zinakua bila wewe kubonyeza kitu. Kwa mpanga kurasa kuna hesabu tamu zaidi. Kioo cha inchi 24 kina upana wa takriban sentimita 53 na kimo cha sentimita 30. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21 na urefu wa 29.7. Maana yake kurasa mbili zinazotazamana zinakaa mbele yako karibu kwa ukubwa wake halisi, na bado pembeni pana nafasi ya vibonyezo vya programu. Kwenye laptopu, ukurasa huohuo kwa ukubwa halisi unaonekana nusu. Ukishaona kurasa mbili kwa pamoja, utagundua pengo lililokaa vibaya chini ya picha, utagundua kichwa cha habari kinachogombana na kile cha ukurasa wa pili, mambo ambayo ukitazama kipande kipande hayaonekani mpaka gazeti litoke kiwandani. Hiyo peke yake inatosha kuilipia monita.

Usiingiwe na tamaa ya monita ya 4K. Laptopu ya umri wa yako, hata ikiwa na tundu la HDMI, mara nyingi hutoa picha ya 4K kwa kasi ya mara 30 kwa sekunde, na ukisogeza mausi utaona mshale unakokota miguu. Full HD inatosha na itatosha. Kama mfuko ni mwembamba sana, zipo zile monita za zamani za umbo la karibu mraba, inchi 17 au 19, nukta 1280 kwa 1024. Watu wanazidharau na zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa anayetafsiri au kuandika maandishi matupu ni nzuri, kwa sababu kimo chake kinameza mistari mingi kuliko laptopu yako. Kwa kupanga kurasa mbili hazifai.

Ukifika dukani usinunue monita iliyozimwa, hata muuzaji akiapa. Nenda na laptopu yako na waya wako. Mwombe aiwashe, uiache ipate moto wakati mnazungumza bei, kwa kuwa kuna monita zinazowaka vizuri dakika tano za kwanza kisha zikaanza kutetemeka. Fungua ukurasa mweupe mtupu uliojaza kioo chote, utazame taratibu kutoka kona hadi kona: ukiona umanjano upande mmoja, taa za nyuma zimechoka, ukiona alama kama kivuli cha madirisha ya programu, kioo kilikaa miaka na picha moja. Halafu weka ukurasa mweusi. Hapo nukta iliyoganda itajitokeza yenyewe, nyekundu au kijani, kama jicho la paka. Moja pembeni naweza kuivumilia, moja katikati sitaki. Simama kulia, simama kushoto, inama utazame kwa chini: rangi zikigeuka ovyo, hiyo ni paneli ya kizamani ya TN, na mtu wa picha na rangi anahitaji IPS. Bonyeza vibonyezo vyote vya chini. Tazama kama mguu wake unapanda na kushuka, na kama nyuma kuna yale matundu manne ya skrubu yaliyoachana sentimita 10, maana kwa hayo unaweza kuifunga ukutani au kwenye mkono wa chuma siku meza ikiwa finyu.

Waya nao una ujanja wake. Tazama laptopu yako ina tundu gani kabla hujatoka nyumbani. ThinkPad X230, kwa mfano, ina VGA na ile DisplayPort ndogo, haina HDMI. X260 na kuendelea zina HDMI. Waya wa kawaida wa DisplayPort kwenda HDMI una mwelekeo mmoja: laptopu ikiwa na DisplayPort na monita ikawa na HDMI, picha inapita. Ukigeuza, laptopu ya HDMI na monita ya DisplayPort, kioo kitabaki cheusi mpaka ununue kibadilishi chenye umeme wake, na hicho si cha bei ya waya. Wauzaji wengi hawalijui hilo na watakuambia laptopu yako ni mbovu. VGA itumie kama huna njia nyingine, kwa waya mfupi, na herufi zikionekana zina ukungu bonyeza kile kibonyezo cha monita kilichoandikwa Auto. Na ukija kununua laptopu mpya zaidi yenye tundu la USB-C, ujue si kila tundu la aina hiyo linatoa picha. Lijaribu palepale dukani. Likiwa linatoa, na monita ikawa nayo ina USB-C inayochaji, waya mmoja utaleta picha, utachaji na kuunganisha kibodi. Ni raha kubwa, lakini isikufanye ukope.

Kuna jambo moja linalonifanya nikuombe usihamie kwenye kompyuta ya mezani, nalo ni umeme wetu. Unaandika usiku, mara mtaa mzima unazimika, au LUKU imeisha hukuangalia. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS inakufa palepale na kila ulichokuwa hujahifadhi. Ukiwa na laptopu, monita inazimika, pangaboi linaanza kupunguza mwendo, na baada ya sekunde moja mbili ukurasa wako unajitokeza kwenye kioo kidogo, na kile kistari kinachopepesa kiko palepale ulipoliachia neno. Unamalizia sentensi, unahifadhi, unaendelea mpaka betri ikuambie. Hapohapo nyoosha mkono uzime soketi ya monita. Umeme wetu ukirudi hurudi kwa kishindo, wakati mwingine unakuja na kuondoka mara mbili tatu kabla ya kutulia, na hicho kishindo ndicho kinachoua vifaa. Subiri taa zitulie ndipo uwashe. Na kwa matumizi ya kawaida monita ya LED ya inchi 24 inakula kama wati 20, laptopu ndogo ikiwa inaandika tu inakula chini ya hapo au karibu na hapo. Hata nyumba yenye sola ya kiasi itavibeba vyote viwili.

Meza ipange hivi. Ukingo wa juu wa monita uwe sawa na macho yako au chini kidogo, nawe uwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Mguu wake ukiwa mfupi, weka chini yake yale makabrasha ya zamani uliyoshindwa kuyatupa. Viwiko vikae kwenye pembe mraba, nyayo ziguse sakafu. Usikae na dirisha nyuma yako wala mbele yako. Likae ubavuni, la sivyo mchana utakuwa unapigana na mwanga. Kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali kama mita sita, sekunde 20 tu. Wapanga kurasa wa rika langu wanaovaa miwani minene hawakuzaliwa nayo, na wengine hawawezi tena kugeuza shingo bila kugeuza mabega. Nakuona ukiandika umelala kitandani, laptopu juu ya tumbo, kidevu kimezama kifuani, na roho inaniuma. Una umri wa kufikiri kwamba mwili haudai. Unadai.

Utaniuliza kama uifunike laptopu au uiache wazi. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam iache wazi. Laptopu nyingi ndogo hupumulia pia kwa juu, kupitia kwenye kibodi, na ukizifunika wakati zinafanya kazi joto linarudi kwenye kioo na betri. Iweke kushoto, juu ya kitu kinachoinyanyua kidogo ili hewa ipite chini. Wanaopenda vioo viwili vilivyojaa madirisha wana sababu zao, mimi siwashauri. Kioo kidogo kiweke kamusi au matini ya asili unayoitafsiri, basi. Ujumbe wa simu na mitandao usiupe hata kona ya kioo hicho, kwa sababu jicho litakuwa linakwenda huko kila kitu kinapometa, na tafsiri itakuwa na mikwaruzo utakayoshindwa kujua imetoka wapi.

Ndani ya laptopu kuna mambo mawili tu ya kugusa. Kama bado ina diski ya kuzunguka, weka SSD; hakuna badiliko jingine utakaloliona kwa macho namna hiyo. Na RAM ifike GB 8 angalau, kwa sababu laptopu hizi hazina kadi ya picha ya peke yake, zinachota kwenye RAM hiyohiyo kulisha vioo vyote viwili. Ikiwa na nafasi mbili, kama X230 au HP EliteBook 820, weka vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, picha itakwenda vizuri zaidi. X240 ina nafasi moja. X280 RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao, uliyonunua ndiyo utakayozeeka nayo. Kama laptopu yako ni miongoni mwa zile zilizoachwa nje na Windows 11, weka Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, na LibreOffice itafanya kazi yako ya kutafsiri bila shida. Betri inayoshinda kwenye chaja kutwa izuiwe isijae kupita asilimia 80. ThinkPad zina mpangilio huo.

Siwezi kukudanganya kwamba laptopu ndogo inaweza kila kitu. Kuhariri filamu ndefu, kuchora majengo kwa pande tatu, michezo mizito, huko itakuadhiri. Kama kesho utaingia kwenye kazi hizo, hapo kompyuta kubwa ina haki yake, na monita yako utahamia nayo. Lakini kwa maandishi, kurasa, hesabu za ofisi, picha za kawaida za gazeti na mikutano ya mtandaoni, ndogo inatosha kabisa.

Kuna hatari moja tu inayonikosesha usingizi. Kompyuta yako kuu ndiyo hiyohiyo inayopanda daladala na bodaboda pamoja nawe. Siku mkoba ukinyakuliwa, umenyakuliwa ofisi nzima. Mali bila daftari hupotea bila habari. Diski ya nje ikae nyumbani pale kwenye monita, isitoke kamwe, na kila jioni ukichomeka laptopu, kabla ya chakula, iache inakili kazi ya siku hiyo. Diski ya laptopu ifunge kwa nywila ya kweli, kwa sababu kazi za wateja wako si mali yako kuzimwaga mtaani. Na hata laptopu ikianguka tu kioo kikapasuka, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: ichomeke kwenye monita, kazi ya mteja iende kwa wakati, kioo utabadilisha ukishalipwa.

Mwezi huu anza na kibodi na mausi, za waya, hazisumbui na betri. Kibodi ijaribu kwa kuandika aya nzima, usibonyeze vibonyezo viwili ukaridhika. Mwezi ujao diski ya nje na SSD. Monita iwe ya tatu, usiifanyie haraka, zunguka maduka matano kabla ya kutoa fedha. Na siku utakayoikuta, nipigie kabla hujalipa. Geuza kamera uonyeshe yale matundu ya nyuma na kile kibandiko chenye namba ya modeli, kisha weka ule ukurasa mweupe. Nitakuwa na miwani yangu usoni.